Tone la Dawa na Woga wa Sindano

Mnamkumbuka mzee Tobiti wa Maandiko Matakatifu. Mwanawe Tobia alimpaka nyongo ya samaki machoni. Dawa ile ilimchoma, lakini akaona tena.

Siku hizi mzee wa Ibanda, hapa kwetu Bukavu, mwenye ugonjwa wa sukari, akiambiwa kwamba atachomwa sindano ndani ya jicho, hutetemeka. Sukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, na dawa ile huizuia isivuje. Anayekimbia sindano aweza kupofuka. Basi na tusimulie habari ya tone linalopunguza woga huo.

Zamani mgonjwa wa jicho alishikwa na watu wenye nguvu asitikisike. Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, alitia maji ya kokaini katika jicho la chura, kisha la sungura na la mbwa, mwishowe katika jicho lake mwenyewe. Akaligusa kwa kichwa cha pini, asisikie kitu. Tarehe 15 Septemba mwaka ule habari hiyo ilisomwa mbele ya madaktari wa macho huko Heidelberg, Ujerumani. Aliyeisoma ni Josef Brettauer, kwa kuwa Koller hakuwa na nauli.

Lakini kokaini ilidhuru kioo cha mbele ya jicho, tena iliwatia watu utumwani. Wataalamu wakatafuta nyingine: tetrakaini, lidokaini, iliyotengenezwa na Nils Löfgren huko Sweden mwaka 1943, na proparakaini. Zote hutia ganzi upesi. Tetrakaini huwasha kuliko proparakaini wakati wa kutiwa. Walakini sindano yenyewe ni nyembamba sana, na kwa dawa yo yote kati ya hizo wagonjwa wengi huvumilia. Mara nyingi kinachowasha zaidi ni iodini ya kusafishia jicho, nayo haiachwi, maana huua vijidudu.

Jihadharini! Matone haya si ya nyumbani. Mtu akiyatia kila siku ili asisikie maumivu, kioo cha jicho huharibika bila yeye kujua. Yasinunuliwe sokoni, yabaki mkononi mwa daktari.

Naye mgonjwa asikimbie. Woga wa dakika moja usimnyang'anye mwanga wa miaka mingi. Tobiti alivumilia mchomo, akauona uso wa mwanawe.