Nusu ya Shamba, Bila Michikichi

Semina ya usuluhishi tuliyopewa hapa kambini ilichukua siku tatu. Mwalimu alituambia: usiishie kuuliza mtu anadai nini, muulize pia anakitakia nini. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Hayo Bashingantahe waliyajua zamani." Nikacheka. Halafu nikakumbuka shamba la babu, kicheko kikakatika.

Kwa ndugu zetu Wakongo na wafanyakazi wa mashirika wasiowajua: Bashingantahe ni wazee wasuluhishi wa vilima vya Burundi, na jina lao linatokana na intahe, ile fimbo ya hukumu. Mafunzo yao hayakuwa ya siku tatu. Mtu aliangaliwa kwa miaka: akilewa anakuwaje, anatunza siri, anasema ukweli hata ukimuumiza? Alikaa karibu na wazee akisikiliza, mwisho akaapishwa mbele ya watu na pombe ikanywewa. Mke wake naye alishiriki siku hiyo, maana nyumba yao ingepokea wagomvi usiku na mchana. Lakini kwenye baraza lenyewe, kwa muda mrefu, wanawake hawakuwa na kiti. Tena wenye kesi walileta pombe ya wazee, agatutu, na kwa wengine ikageuka kama rushwa. Tukiwasifu, hayo nayo tuyaseme.

Babu alikimbia Rumonge mwaka 1972, kwenye mauaji yale, akaishia Katumba. Baba aliporudi 2008 alikuta familia nyingine shambani, na watoto wao wamezaliwa palepale. Kwa sheria ya ardhi ya 1986, aliyekalia ardhi miaka 30 bila kupingwa aliweza kuidai kuwa yake. Hesabu mwenyewe: 1972 hadi 2002. Mahakamani baba angeweza kutoka mikono mitupu. Basi wazee wa kilima wakakaa, wakasuluhisha: kila mmoja nusu. Enzi hizo kugawana kulikuwa kwa kawaida, hata tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, ilipenda njia hiyo miaka yake ya mwanzo. Baada ya 2011 ikageuka, ikawa inawarudishia waliokimbia shamba lote. Baba mdogo alitaka tufungue kesi upya. Baba akakataa: alishaweka dole gumba.

Watu hunong'ona kwamba baba aliogopa. Mimi sioni hivyo. Kwa sheria ya wakati ule, nusu ilikuwa ushindi. Kosa lilikuwa kwenye kamba ya kupimia. Walipima hatua kwa hatua, sawasawa kabisa, na karibu michikichi yote ikaangukia upande wa jirani. Rumonge ni mawese, bwana! Mama alikuwa amesimama pembeni na jembe lake, aliona tangu kamba inavutwa. Hakuna aliyemuuliza. Usiku alimwambia baba, "Umepewa udongo, mwenzio kapewa mafuta." Na jirani yule, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anataka hasa upande wenye makaburi ya watoto wake, na upande huo ukawa wetu.

Kwa hiyo wote wawili walikosa walichokuwa wanakihitaji, na wote wawili wakaweka dole gumba. Karatasi hiyo tulikimbia nayo tena 2015. Baba anaitunza kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya mgao. Ina alama za wanaume wanane.