Nguvu ya Dizeli Haiongezwi kwa Bisibisi

Ndugu zangu, leo tuache siasa kidogo tuzungumzie pikapu. Nina maana zile pikapu za dizeli za zamani: Hilux za miaka ya 1980 na 1990, Land Rover 109, Isuzu na ndugu zao. Wengi wetu tuliofika chuo kikuu, ada zetu zilibebwa na gari la namna hiyo, liwe la baba, la mjomba, au la jirani aliyekuwa akisomba mahindi. Mengi bado yapo barabarani, na malalamiko ya wenye nayo ni yaleyale: "Gari limeishiwa nguvu."

Katika gereji nyingi dawa ni moja. Fundi anachukua bisibisi, anagusa skrubu ya pampu, anaongeza mafuta. Gari linatoka pale linanguruma, moshi mweusi tii nyuma yake, na mwenye gari anachekelea. Baadaye silinda hedi inapasuka, injini inashushwa, na riziki ya familia inasimama.

Hoja yangu ni hii: historia ya dizeli yenyewe inaikataa dawa hiyo. Kwa zaidi ya miaka 130, nguvu ya injini hii imetafutwa kwa njia mbili kubwa: hewa zaidi, na kipimo sahihi zaidi cha mafuta. Mafuta yameongezwa pale tu hewa ya kuyachoma ilipopatikana. Hebu tuanze mwanzo.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia viliiondoa familia yake Ufaransa. Baadaye akasomea uhandisi Munich, na mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, yule bingwa wa mitambo ya kugandisha. Injini za mvuke za wakati ule zilipoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa. Diesel akajiuliza: tukiigandamiza hewa peke yake mpaka ipate moto mkali, kisha tukaingiza mafuta, si yatawaka yenyewe bila plagi?

Hataza yake ilitolewa mwaka 1893. Agosti mwaka huohuo alijaribu injini yake ya kwanza kule Augsburg. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kifaa cha kupimia mgandamizo kililipuka. Februari 1894 injini ikazunguka yenyewe kwa kama dakika moja. Februari 1897 Profesa Moritz Schröter akaipima rasmi: nguvu za farasi kama 20, na asilimia 26 hivi ya joto la mafuta ikageuka kazi. Hakuna injini ya wakati huo iliyokuwa imefika hapo.

Angalia kilicholeta ushindi huo. Ni hewa iliyobanwa vizuri. Dizeli haina plagi ya kuiwashia, kwa hiyo kama ringi za pistoni zimelika au valvu hazifungi sawasawa, hewa inavuja, joto linapungua, mafuta hayawaki ipasavyo. Hiyo ndiyo kompresheni wanayoisema mafundi wetu. Ni wazo lilelile la 1893.

Tatizo ni kwamba injini ya Diesel ilikuwa mnara wa chuma wa mita 3 hivi. Mafuta yalisukumwa ndani kwa hewa ya kompresa, na kompresa ilikuwa mzigo mzito. Kwenye meli na viwandani, sawa. Kwenye gari, haiwezekani. Diesel mwenyewe hakuishi kuona mabadiliko: alitoweka melini usiku wa Septemba 29, 1913, akivuka kutoka Antwerp kwenda Harwich.

Aliyeishusha dizeli barabarani ni pampu. Robert Bosch alianza kazi hiyo mwaka 1922, na mwaka 1927 pampu zake zikaanza kutengenezwa kwa wingi. Pampu ya Bosch haikuhitaji kompresa. Ilisukuma tone dogo la mafuta, kwa kipimo kilekile na kwa wakati uleule, maelfu ya mara kwa dakika. Mwaka 1936 Mercedes-Benz wakatoa 260 D, moja ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kuuzwa kwa umma. Mwaka 1957 Land Rover nao wakatoa dizeli yao ya lita 2, yenye farasi 51 tu. Ndiyo, 51, na mtu alilima nayo, akabeba nayo, akapanda nayo milima.

Siri ya pampu ni upenyo. Kati ya pistoni ndogo ya pampu na kikombe chake kuna nafasi ya maikroni chache, yaani sehemu chache za elfu moja za milimita. Unywele wako una maikroni kama 70. Kwenye pampu nyingi za pikapu ndogo, dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha vyuma hivyo. Hakuna oili nyingine. Kwa hiyo uhai wa pampu unategemea usafi wa mafuta.

Sasa tuje nyumbani. Wote mnalikumbuka neno kuchakachua. Kabla halijahamia kwenye kura mwaka 2010, lilikuwa neno la vituo vya mafuta. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ndiyo yaliyowasha vibatari vya wanyonge. Wajanja wakayachanganya na dizeli na kula tofauti ya bei. Mwaka 2010 EWURA ikaanzisha utaratibu wa kuweka kinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini. Bajeti ya Juni 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Bibi kijijini akalipia dhambi ya mwenye kituo.

Na pikapu ililipa pia. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Pampu iliyokunywa mchanganyiko huo muda mrefu inalika, upenyo unapanuka, mafuta yanavuja ndani kwa ndani badala ya kwenda kwenye nozeli. Gari linapoteza nguvu kidogo kidogo, bila kelele. Ndipo fundi anapochukua bisibisi! Anaongeza mafuta kwenye pampu iliyopoteza kipimo, jambo ambalo Bosch alihangaika miaka mitano kulikwepa.

Mtu atasema: mbona magari ya siku hizi yana nguvu? Jibu ni hewa. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya kutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha feni inayosukuma hewa ndani. Hiyo ndiyo turbo. Ilimchukua miaka 20 hivi kuifanya ifanye kazi vizuri. Mwaka 1925 akapata ongezeko la nguvu la asilimia 40. Hewa kwanza, mafuta baadaye.

Hilux nyingi za zamani hazina turbo. Ile ya injini ya 2L, lita 2.4, ina farasi 80 hivi ikiwa mpya. Ukiipeleka Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, msukumo wa hewa unakuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Sehemu ya "ugonjwa" ni kimo cha mahali. Ukimwongezea mafuta mtu asiye na pumzi, humsaidii. Yale yasiyochomwa yanatoka kama moshi mweusi, na joto la ziada linakwenda kula pistoni na hedi.

Basi tufanye nini? Tufuate mpangilio, kuanzia cha bei rahisi.

Kwanza hakikisha ni injini kweli. Breki zinazong'ang'ania na klachi inayoteleza huiba nguvu pia. Mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe angalia kule kwenye pampu: je, mkono wake unafika mwisho? Waya uliolegea umewapeleka wengi kushusha injini bure.

Pili, hewa. Badilisha filta ya hewa, kagua mpira wake kama umebonyea.

Tatu, njia ya mafuta. Mwaga maji kwenye filta ya dizeli, ibadilishe, safisha chujio la kwenye tangi, tafuta mpira unaovuta hewa. Ukiweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, mapovu utayaona kwa macho.

Nne, soma moshi. Mweusi: mafuta mengi au hewa kidogo. Mweupe unaochoma macho: mafuta hayawaki, angalia taimingi, nozeli na kompresheni. Wa bluu: oili inaungua. Gari halina nguvu na moshi hautoki kabisa? Mara nyingi injini ina njaa, rudi kwenye namba tatu.

Tano, nozeli zipimwe kwenye mashine, valvu zirekebishwe, kompresheni ipimwe kwa geji. Pampu iwe ya mwisho, na iende kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Asiye na mashine ya kupimia asiiguse skrubu ile. Kiwandani waliifunga kwa sababu.

Najua hali. Fundi wa mtaani hana mashine, na mwenye gari hana hela wala muda. Mzigo unamsubiri Kitonga. Bisibisi ni ya haraka, na moshi mweusi unafanana na nguvu. Lakini gari lile si la sifa. Ni shamba, ni duka, ni ada ya mdogo wako. Kabla hujakubali liongezwe mafuta, uliza swali moja tu: hewa ya kuyachoma itatoka wapi?