Bwawa Lililopoteza Matanga

Msomaji mwema, ukisimama Nkoroi, katika nchi ya Kajiado, kando ya barabara iendayo Magadi, utaiona milima ya Ngong upande wa magharibi. Maji ya huko huingia Mto Mbagathi, ambao hupita mpakani mwa Hifadhi ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Ng'ambo yake uko mji uliopata jina lake kwa maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Mji uliopewa jina na maji ulipasa kuyaheshimu. Sikiliza habari ya bwawa lake moja, kisha uhukumu mwenyewe.

Mwaka 1953 Mto Motoine ulizuiwa kwa ukuta, likapatikana Bwawa la Nairobi, lenye eneo la eka 88 hivi. Lilikusudiwa kuwa akiba ya maji ya mji, lakini likawa pia mahali pa starehe. Mashua za matanga zilishindana, wavuvi walitupa ndoana, na watu walikaa ukingoni kupunga upepo. Hata hivyo, usidhani kuwa raha hiyo ilianza kuwa ya wote. Kenya ilikuwa chini ya amri za hali ya hatari, na mji ulibagua watu kwa rangi. Mwafrika hakuwa huru hata kukaa mjini apendavyo, sembuse kustarehe katika mashua.

Jirani ya bwawa ni Kibera, ambako serikali ya kikoloni iliwaweka askari Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wenye kutafuta kazi walizidi kumiminika huko. Walipata mahali pa kujenga vibanda, hawakupata mifereji ya maji machafu. Taka zikafuata mteremko mpaka bwawani. Uchafu ukayarutubisha magugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, na ilipokwisha karne ile yalikuwa yametanda juu ya bwawa. Matanga yakatoweka.

Nani mwenye kosa? Wako wanaomlaumu maskini wa Kibera. Lakini mtu asiyejengewa choo wala mfereji atazipeleka wapi taka zake? Waliopanga mji waliweka starehe upande mmoja na dhiki upande wa pili, wakasahau kuwa maji hayajui mpaka.

Nawe wa Nkoroi usiseme kuwa hayo ni ya wenzako. Maji ya bwawa lile na maji ya Mbagathi hukutana katika Mto Athi, yakapita Ukambani, yakaitwa Galana, kisha Sabaki, yakaingia baharini karibu na Malindi. Nyumba zinaongezeka Nkoroi pia. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Anayetaka mwanawe acheze kando ya mto kesho, na auangalie leo mfereji wa jirani yake.