Ana shahada, sasa anataka unesi: cheti kinachoangaliwa ni cha kidato cha nne

Kwa mtu wa Ihanja, wilayani Ikungi, mwenye shahada ya ualimu, sosholojia au biashara na anayetaka kuwa muuguzi, swali la kwanza si chuo gani. Ni hili: kidato cha nne alipata nini kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia?

Diploma ya Uuguzi na Ukunga inataka ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo hayo matatu. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi. Shahada aliyonayo mkononi haimpunguzii hata muhula mmoja. Marekani zipo programu za uuguzi za mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kwa wenye shahada nyingine. Tanzania njia hiyo ya mkato haipo, na anayeiuza mtaani anauza hewa.

Nesi wa kusajiliwa ni yupi?

Mtaani kila mwenye sare wodini ni nesi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inawatenganisha: wa ngazi ya cheti huandikishwa, wa diploma na shahada husajiliwa. Kazi hiyo iko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC).

Diploma ni miaka mitatu, kuanzia NTA ngazi ya 4 hadi ya 6. Ni masomo ya kutwa, na sehemu kubwa ni mafunzo kwa vitendo hospitalini, zamu za usiku zikiwemo. Kwa hiyo lile wazo la kusoma jioni huku duka likiendelea, au kurudi shambani kila alizeti ikihitaji palizi, lisahaulike mapema. Akimaliza chuo bado kuna mtihani wa Baraza, kisha usajili na leseni. Bila leseni haruhusiwi kumhudumia mgonjwa kama muuguzi.

Kama Fizikia haipo

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Aliyesoma mchepuo wa sanaa mara nyingi aliiacha Fizikia kidato cha pili, wala hakujua kwamba siku moja angeihitaji. Dawa yake ni kurudi NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani hufanyika Novemba. Achague kituo chenye maabara, maana sayansi ina mtihani wa vitendo, na hilo mtu halijifunzi kwa kusoma daftari la mwenzake.

Sasa piga hesabu. Anajisajili Januari, anafanya mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari inayofuata. Maombi ya chuo ni katikati ya mwaka huo, masomo yanaanza kama Oktoba. Karibu miaka miwili imekwenda kabla hajavaa sare. Ongeza mitatu ya diploma, ongeza miezi ya kusubiri mtihani wa Baraza na leseni. Ni kama miaka mitano.

Hesabu hiyo ina uzito kwa sababu moja: matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida humtaka mwombaji asiye mtumishi wa umma awe na umri usiozidi miaka 45. Aliyeanza na miaka 33 bila Fizikia anafika kwenye leseni akiwa na kama 38, bado ana nafasi. Aliyeanza na 41 atakuta mlango umefungwa. Hospitali binafsi na za mashirika ya dini huweka masharti yao, na kwa mtu wa umri huo ni busara kuzungumza nazo kabla ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza.

Walimu wa sayansi wana njia nyingine

Mwalimu wa Kemia na Biolojia aliyepita PCB au CBG kidato cha sita anaweza kuomba moja kwa moja shahada ya uuguzi. Vyuo kadhaa hutaka ufaulu wa Kemia, Biolojia na somo la tatu, ambalo linaweza kuwa Fizikia au hata Jiografia. Kwa mtu wa Singida, Chuo Kikuu cha Dodoma ndicho cha jirani. Kuna pia MUHAS Dar es Salaam na CUHAS Mwanza. Shahada ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Ni safari ndefu kuliko diploma, ila anaanza kazi kama Ofisa Muuguzi, wakati wa diploma huanza kama Ofisa Muuguzi Msaidizi.

Aliye kazini asiondoke kimyakimya

Mtumishi wa halmashauri anahitaji ruhusa ya maandishi ya mwajiri kabla ya kwenda chuo. Kutoonekana kazini siku tano bila ruhusa kunatosha kumfukuzisha. Ruhusa ya masomo pia si ahadi ya kubadilishiwa kada akirudi. Hilo lina utaratibu wake, na ni vizuri aliulize kwa ofisa utumishi kabla ya kuondoka. Mwalimu akivuka huku anatoka kwenye ngazi za mshahara za TGTS na kuingia TGHS, hivyo alinganishe namba za kweli, asisikilize tu kwamba "afya wanalipwa vizuri".

Na mkopo? Bodi ya Mikopo inawalenga hasa wanaosoma shahada ya kwanza, kwa hiyo mwenye shahada asiipange kwenye bajeti. Kama bado anadaiwa mkopo wa zamani, makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yatamsubiri kwenye ajira mpya pia.

Wapi pa kusoma

Maombi ya diploma za afya Tanzania Bara hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Mwongozo wake wa udahili unaonyesha vyuo vilivyosajiliwa, sifa na ada. Chuo ambacho hakimo humo kisilipwe hata senti. Mkoani Singida kuna chuo cha St. Gaspar kule Itigi, kilicho na hospitali yake. Ukivuka mpaka kuingia Manyara kuna Haydom.

Jambo dogo linaloangusha watu: majina. Kama cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA havifanani, hasa kwa waliobadili jina baada ya ndoa, kiapo cha majina kitafutwe kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.