Sumu ya Mshale na Msuli wa Moyo: Habari ya Njia ya Tabora

Aghalabu historia ya njia ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, huelezwa kwa hesabu ya pembe, nguo, shanga na watumwa. Maarifa ya wawindaji juu ya sumu za mishale hayakutiwa katika daftari za wenye misafara, wala wenye maarifa hayo hawakukumbukwa. Lakini tiba ya moyo ina deni kwao.

John Kirk, aliyepeleka vifaa vya Livingstone Unyanyembe akiwa wakala wa Uingereza Unguja, alikuwa mganga wa safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Huko aliiona sumu iitwayo kombe na wenyeji. Mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu hiyo. Alipoutumia alionja uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza, akaipa dawa yake jina la strofanthini. Jamaa ya mmea huo, Strophanthus eminii, hupatikana Tanzania, na Wahadzabe hutia mbegu zake katika mishale. Jina lake ni la Emin Pasha, aliyefika Tabora mwaka 1890.

Sumu hizi huzuia pampu itoayo sodiamu katika chembe za msuli, kama alivyofumbua Jens Skou tangu mwaka 1957. Sodiamu ikizidi, kalsiamu nayo huongezeka, na moyo hukaza kwa nguvu. Kipimo kidogo ni dawa. Kikizidi ni mauti.

Basi ajabu ni hii: kalsiamu hiyo hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zinazoangamiza msuli pale damu irejeapo baada ya kuzuiwa, dhara waliloeleza Jennings na wenzake mwaka 1960. Mwaka 1986 Murry, Jennings na Reimer walizuia damu katika mioyo ya mbwa mara nne, dakika 5 kila mara, kabla ya kuizuia dakika 40. Sehemu iliyokufa ikawa robo tu ya ile ya mioyo isiyotayarishwa. Baadaye wachunguzi walipata kinga mfano wa hiyo katika mioyo ya panya kwa kipimo kidogo cha ouabaini, ndugu ya strofanthini, ambayo Arnaud aliipata mwaka 1888 katika mti wa Acokanthera. Kwa binadamu haijawa tiba iliyothibitishwa.

Wanalugha watazame majina haya. Kombe ni neno la Zambezi, na ouabaini latokana na neno la Kisomali. Wawindaji hawatajwi, ila maneno yao yamebaki katika vitabu vya waganga. Ni wajibu wetu, kabla wazee hawajatutoka, kukusanya majina ya miti ya sumu katika Kinyamwezi na lugha jirani, pamoja na vipimo na miiko yake. Kwani jina lipoteapo, hupotea na alilolijua mwenye nalo.