Chumvi, Mafuta na Lulanga: Historia ya Kivu Inayosubiri Albamu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ulipokuwa ungali ukiitwa Costermansville, mtafiti wa muziki Mmarekani Alan Merriam na mkewe Barbara walizunguka eneo la Bushi, jirani na mji huo, wakinasa nyimbo. Katika shamba la mlowezi mmoja walirekodi wasichana vibarua, mwenye shamba naye akiwapo. Wasichana hao walikuwa na dukuduku. Posho yao ya mafuta na chumvi ilikuwa imekatwa, na hakuna aliyethubutu kumkabili bwana. Basi wakamwimbia. Wakayataja mafuta, wakaitaja chumvi, wakadokeza kwamba wasipopewa wataacha kazi. Ndipo mwenye shamba alipolisikia lalamiko hilo kwa mara ya kwanza.

Merriam alikieleza kisa hicho katika kitabu chake The Anthropology of Music cha 1964, na tangu hapo wanafunzi wa muziki wa nchi za mbali wanakisoma. Bukavu kwenyewe hakisimuliwi, na hilo linauma. Mashamba ya kahawa na kwinini ya Kivu yameacha hati za ardhi na hesabu za magunia. Neno la kibarua limo ndani ya wimbo.

Bushi haikukosa watu wa kulihifadhi neno kama hilo. Mpigaji wa lulanga hutumia ubao mrefu uliochimbwa katikati kama beseni, ambao juu yake kamba hupitishwa huku na huko. Vidole huchezea kamba, mdomo husimulia, na mara nyingi sauti hukaribia mazungumzo kuliko wimbo. Ala hiyo ni ndugu wa inanga ya Rwanda, iliyosikika sana katika makao ya watawala.

Huko Walikale, upande wa msitu, Wanyanga walikuwa na utenzi wa Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliusimulia mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku wenzake wakimpigia fimbo za mdundo. Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, wakauchapisha mwaka 1969. Ukiusoma kitabuni unapata maneno. Mdundo na jasho la Rureke hayamo.

Hapo ndipo albamu inapohitajika: santuri nzima yenye kisa kimoja, kila wimbo ukiubeba ule unaoufuata. Woody Guthrie alifanya hivyo Marekani mwaka 1940 katika Dust Bowl Ballads, akiwaimbia wakulima waliofukuzwa na vumbi na madeni. Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2020 Siti Muharam wa Zanzibar alitoa Siti of Unguja, akizirudia nyimbo za bibi wa ukoo wake, Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Humo mna Kijiti, wimbo wa mwanamke aliyeuawa Unguja na kesi ambayo muuaji aliikimbia huku mashahidi wakifungwa. Watu wengi wanaijua kesi ile kwa sababu tu iliimbwa, tena ikaimbwa upya.

Kivu haina upungufu wa vipaji. Lokua Kanza, ambaye gitaa lake linajulikana Paris na kwingineko, alizaliwa Bukavu mwaka 1958. Vijana wa Kadutu na Bagira, humo humo Bukavu, wanarekodi kila wiki. Nyimbo zao nyingi ni za mapenzi, vita na madini, na si vibaya, maana ndiyo maisha yao. Lakini lalamiko la chumvi lililoimbwa mbele ya mwenye shamba ni mwanzo mzuri wa albamu kuliko visa vingi vinavyotungwa studio. Atakayelichukua aanzie Kabare na Walungu, kwa wazee ambao mama zao walichuma kahawa, akiwa na kinasa sauti na mpigaji wa lulanga pembeni, kisha awaulize ni nyimbo gani nyingine walizoimbiwa mabwana.