Nyeri Tunamkumbuka Mpanda Mti Mmoja Tu

Uliza mtu yeyote hapa Nyeri ni nani aliwahi kupanda mti akaingia kwenye historia. Atakujibu bila kufikiria: Elizabeth. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alilala Treetops, ile hoteli ambayo Eric Sherbrooke Walker alikuwa amejenga juu ya mugumo kule Aberdare mwaka 1932. Alipanda ngazi akiwa binti wa mfalme, na usiku huo babake akafariki Uingereza. Habari alipewa akiwa Sagana Lodge, hapa tu upande wa Kiganjo. Hiyo stori tumeisikia tangu shule ya msingi.

Sawa, sina neno na marehemu. Lakini mimi nimefanya kazi na jamaa ambaye amepanda miti mpaka amepoteza hesabu, bila ngazi, bila mkanda wa usalama, panga kiunoni na miguu mitupu. Huyo hakuna mtalii ameletwa kumwona. Na yeye si wa kwanza. Kuna historia nzima ya watu wa kupanda, kuangusha na kupasua mbao katika hii milima yetu, na tumeiacha ipotee kwa sababu waliofanya hiyo kazi hawakuwa na karatasi. Leo wacha niisimulie.

Kwanza niseme nilijuaje. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilikaa nyumbani miezi mitatu nikiangalia dari. Mjomba akachoka na mimi, akanipeleka kwa opareta wa pawasoo upande wa Othaya. Pawasoo ni ule msumeno wa injini na mnyororo, unaujua kwa kelele. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Nabeba petroli, nabeba oili, halafu nabeba mbao zenyewe mgongoni kutoka bondeni mpaka barabarani. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikashindwa kuinua kikombe. Guka akanicheka. Akaniambia, "Wewe unabeba tu. Mimi nilikuwa nakula vumbi."

Hapo ndipo nilijua guka alikuwa mpasuaji.

Enzi zake hakukuwa na injini. Kulikuwa na msumeno mrefu wa watu wawili na shimo. Gogo linawekwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake akifuata mstari, mwingine anaingia chini. Wa juu anavuta msumeno, wa chini anauvuta arudi, na vumbi lote linamwangukia machoni. Guka alikuwa wa chini kwa sababu alikuwa mdogo. Ubao mmoja mrefu ungeweza kumaliza asubuhi. Hivyo ndivyo miti mikubwa ya Mlima Kenya na Nyandarua ilipasuliwa: muthaiti, yaani kamfa, wa kutengeneza fanicha, mutarakwa wa nguzo za seng'enge, muthengera wa mbao za nyumba. Nyumba kadhaa za zamani unazopiga picha nazo Nyeri na Nanyuki ziliezekwa na kusakafiwa na mbao za mashimo kama hayo.

Sasa, kabla ya hapo watu wetu walikuwa na sheria yao ya kukata. Wakikuyu walipofyeka msitu kupata shamba, hawakumaliza kila kitu. Waliacha mti mmoja mkubwa umesimama, ukaitwa murema kiriti, yaani mti unaokataa msitu ufyekwe. Waliamini roho za miti iliyoangushwa zinahamia kwa huo uliobaki. Wewe ita hiyo ushirikina ukitaka. Mimi naona ni watu waliojua kwamba anayekata lazima pia ajue pa kuachia.

Mkoloni alipokuja, swali la nani akate na nani aache likahamia ofisini. Idara ya Misitu ilianzishwa mwaka 1902. Msitu ukapigiwa mpaka, na mtu ambaye babu yake alitundika mizinga ya nyuki mle ndani akawa anahitaji ruhusa kuingia. Kuanzia mwaka 1910 hivi ukaja mfumo wa shamba: unapewa kipande ndani ya msitu, unapanda viazi na mahindi katikati ya miche ya serikali, unaipalilia bure, na miche ikikua unaondolewa. Ile misitu ya saipresi unayoiona Kabaru, Hombe na Ragati imetokana na kazi ya namna hiyo. Saipresi yenyewe asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Aliyepanda hakuwa mwenye mti, na hata aliyekuja kuukata hakuwa mwenye mti.

Halafu ikaja 1952. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba mwaka huo, miezi minane tu baada ya Elizabeth kushuka kutoka kwa mugumo wake. Mwaka 1953 misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikatangazwa eneo la marufuku. Ukionekana ndani unapigwa risasi, maswali baadaye. Ndege za Lincoln zikaangusha mabomu juu ya msitu. Wanavijiji, wengi wao akina mama, wakalazimishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Na mwaka 1954 wapiganaji wakaichoma Treetops yenyewe. Guka alisema mpasuaji aliyekuwa anajua njia za msitu alishukiwa na pande zote mbili: serikali ilimwona mpelekaji chakula, wapiganaji wakamwona mpelelezi. Msumeno wake aliuficha chini ya kitanda mpaka mambo yakatulia.

Wakati guka ameficha msumeno, huko kwingine duniani kifaa kilikuwa kinabadilika. Andreas Stihl alianza Ujerumani mwaka 1926 na mashine za kushikwa na watu wawili. Mwaka 1946 hivi, mkata miti wa Oregon, Marekani, anaitwa Joseph Buford Cox, alimwona buu wa mbawakawa akitafuna mbao kushoto na kulia. Akaunda mnyororo wenye meno ya kuiga taya za yule mdudu. Mnyororo wa leo bado unafuata wazo hilo. Mwaka 1950 Stihl ikatoa pawasoo ya petroli ya kubebwa na mtu mmoja. Guka aliiona kwa mara ya kwanza miaka ya sabini. Alisema alisimama akatazama gogo la kumchukua siku nzima likiisha kabla chai haijapoa, na hakujua afurahi au alie.

Hapa ndipo wengi wenu mtaniambia: "Si basi pawasoo ndiyo iliua msitu?" Wacha nijibu, kwa sababu hii ndiyo sababu nimeandika.

Mwaka 1999 wataalamu waliruka na ndege juu ya Mlima Kenya wakihesabu uharibifu. Waliona zaidi ya miti 6,700 ya kamfa imekatwa. Aibu kubwa, na ni kweli pawasoo ilitumika. Serikali ikapiga marufuku ukataji katika misitu ya umma. Lakini kampuni chache kubwa, zikiwemo Pan Paper ya Webuye, Raiply na Timsales, ziliruhusiwa kuendelea kuvuna. Soma hiyo tena. Jamaa mwenye pawasoo moja ya mkopo aliitwa mharibifu, mwenye kiwanda akapewa karatasi. Februari 2018 marufuku nyingine ikaja, ikakaa mpaka Rais Ruto alipoiondoa Julai 2023 akiwa Molo. Kila marufuku ilipokuja, mbao haikuacha kuhitajika. Watu waliendelea kujenga. Mahitaji yalihama tu, yakatoka msituni yakaingia shambani.

Na shambani kulikuwa na nini? Mukima, ule wengine wanauita mubariti. Uliletwa kutoka Australia kama kivuli cha kahawa na chai, na baada ya mashamba kupimwa na kupewa hati, ukapandwa kwenye mipaka. Ukitembea Othaya au Mukurweini leo, karibu kila mpaka una mstari wa mukima. Huo ndio msitu wetu siku hizi. Unalipa karo, unajenga jikoni, unazika mzee.

Sasa angalia hayo mashamba yalivyo. Ni mteremko mtupu. Lori halishuki, na gogo zima hulipandishi. Kwa hivyo badala ya mti kwenda kiwandani, kiwanda kinaenda kwa mti. Mpandaji anapanda kwanza, anakata matawi kwa panga ili mti usiangukie nyumba au kahawa, anafunga kamba juu, anashuka. Watu wanavuta kamba, opareta anakata shina, mti unalala pale mlipokubaliana, Mungu akipenda. Kisha gogo linakatwa kwa futi, uzi uliochovywa kwenye oili chafu unavutwa na kuachiliwa, unabaki mstari mweusi. Opareta anaufuata kwa macho na mikono tu. Nimeona mtu akitoa 4 kwa 2 iliyonyooka kama ya kiwandani. Hiyo ni akili, hata kama haina cheti.

Lakini nisiwadanganye, hasara ipo. Mkato wa pawasoo unakaribia upana wa sentimita moja. Maana yake, kwa kila mbao tatu za inchi moja unazopata, ya nne imegeuka vumbi. Dawa yake si siri. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu kule Muguga, imekuwa ikionyesha fremu ya chuma inayofungwa kwa pawasoo ili mkato unyooke na mbao isipotee. Opareta wangu alijua fremu ni nini. Pesa ya kuinunua ndiyo hakuwa nayo, na hakuna benki ingemkopesha mtu ambaye kazi yake nusu inaonekana kama wizi.

Na hasara nyingine si ya mbao. Yule mpandaji niliyewaambia alianguka. Ilikuwa saa nne asubuhi, mti wa kawaida tu, umande haujakauka. Tawi alilokanyaga lilikuwa limeoza ndani. Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Tulimbeba kwa mbao tulizokuwa tumepasua. Nyonga ilivunjika. Mwenye shamba alimlipa ya siku hiyo, akaongeza nauli. Hakukuwa na mkataba wala bima, na hakuna mtu angemshtaki kwa sababu hata opareta alidhani ndivyo kazi ilivyo. Mimi niliacha wiki hiyo. Naona haya kusema, lakini niliacha.

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, hapa kwetu, mwaka 1940. Alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Nobel. Alitufundisha kupanda, na tukashika. Lakini mti uliopandwa kwenye mpaka ili ulipe karo utakatwa siku moja, hata tukijifanya hatuoni. Swali ni nani ataukata, kwa kifaa gani, na akianguka nani atamshika. Kaunti inaweza kufundisha hawa vijana kwa wiki mbili tu: kamba, mkanda, kofia, fremu. Inaweza kuwaandikisha kama mafundi, kama inavyofanya kwa wengine. Tangu mkoloni tumekuwa tukiandikisha mti na kumwacha mtu.

Jamaa yangu siku hizi hapandi. Ana kibanda kidogo, ananoa minyororo. Ukimletea pawasoo anaiwasha, anasikiliza, anakwambia jino gani limechoka. Guka alishafariki, na msumeno wake uko kwa stoo yetu, umeshika kutu, hakuna mtu anataka kuutupa.

Kwa hivyo ukiita mtu akuangushie mukima wiki hii, kabla hujauliza bei, uliza kamba iko wapi. Kama hana, nunua wewe. Mti ni wako.